Siku Flaviana Alipovaa Kofia ya Marehemu

Hadithi hii hamtaiamini, na sitawabembeleza. Nimewahi kusimulia habari za kweli kabisa, zenye mashahidi na makovu, watu wakanicheka. Sasa hii ya benki iliyouawa na mwanamke aliyevaa kofia ya maiti nitaiapia wapi? Anayetaka aamini. Asiyetaka, mwenyewe Flaviana yuko hapa mkekani anamenya mihogo, masikio kayasimamisha kama sungura. Mtamuuliza. Lakini si sasa, maana ana kisu mkononi.

Flaviana ni mtoto wa dada yangu, na akili zote mtakazoziona humu alizitoa upande wetu. Kazaliwa Mzenga, huku Kisarawe, na tangu alipojua kutembea hajajua kukaa. Mama yake, Mungu amrehemu, akimtuma chumvi anarudi na chumvi, na habari za msiba wa kijiji cha pili, na jina la mchumba wa mtu ambaye mwenyewe hajajua kama anachumbiwa. Mdomo huo ndio uliompa kazi. Mdomo huo huo ndio uliomtoa jasho.

Asiyejua utani ni nini na ajue hapa, maana bila hilo hadithi haiendi. Sisi Wazaramo na Wasukuma ni watani. Zamani za misafara ya wapagazi babu zao walipita kwa babu zetu, wakatukanana, wakapatana, na matusi yakabaki kuwa ndiyo undugu wenyewe. Mtani akikuita mtumwa wake, unamwita mtumwa wako. Akimkamata kuku wako unamuuliza kama chumvi anayo. Na mtani akifiwa, una kazi. Unakwenda kuzuia jeneza mpaka ulipwe, unavaa nguo za marehemu, unatembea kama yeye, unakohoa kama yeye, waliofiwa wacheke katikati ya machozi. Huko msibani mtani haambiwi amekosea. Anasema atakalo.

Haya, sasa benki.

Benki ya Kisima ilianza ndani ya kontena pale Maili Moja, Kibaha. Mwenyewe alikuwa Adrian, bwana mmoja wa maneno malaini, anafunga tai hata Jumamosi. Alikuwa amefanya kazi kwenye benki kubwa Dar, akaona Kibaha inaamka: watu wanauza viwanja, viwanda vinahamia Kwala, pesa zinazurura mitaani hazina kwao. Akasema atazijengea kwao. Flaviana wakati huo alikuwa wakala wa pesa za simu, ana mwavuli na kiti kando ya kontena. Siku moja Adrian akamsikia anabishana na mzee aliyekuja kutoa pesa zote akaoe mke wa pili. Flaviana alimtania yule mzee, akamuuliza nani atambebea huyo bibi harusi siku kiuno kikikataa, mpaka mzee akatoa nauli tu akarudi kwa mke wake. Kesho yake Adrian akamwita ndani ya kontena.

"Dada, wewe unaweza kumfanya mtu aache pesa zake?"

"Kaka, mimi naweza kumfanya mtu aache hata meno."

Akapewa pikipiki ya bluu yenye picha ya kisima, kimashine cha kutoa risiti, na fulana mbili. Kazi yake kwenda vijijini kuleta watu. Na yeye alivyo na wadudu miguuni, mngedhani kapewa mbawa. Asubuhi yuko Mlandizi, mchana Mzenga, jioni anarudi chumbani kwake Pangani, hii Pangani yetu ya Kibaha, matope mpaka kwenye nyusi.

Pale Mzenga wenye pesa hasa walikuwa Wasukuma wafugaji, na mkubwa wao alikuwa Mzee Nathanael. Mrefu, goti moja halikunji, kofia ya kahawia haitoki kichwani hata kanisani. Alikuwa na ng'ombe wengi kuliko nywele za mtu mwenye upara, na huo ndio ukweli, mimi sikuwahesabu lakini nilikunywa maziwa yao. Kilichomsumbua yule mzee ni kuhama. Alihamishwa huku, akahamishwa kule, kila akipiga zizi linakuja neno la kuondoka. Akawa anauza ng'ombe kidogo kidogo, anazificha pesa, akikusudia siku moja kununua ardhi yenye hati, watoto wake wasiswagwe tena pamoja na mifugo.

Flaviana akamwendea.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Mtumwa wangu umekuja kuomba maziwa?"

"Nimekuja kuokoa pesa zako. Nimesikia mnazifukia zizini, ng'ombe wanazinyea."

Mzee akacheka mpaka kofia ikasogea. "Huko kwenu nani anazilinda?"

"Mimi."

"Mzaramo alinde? Mzaramo akilinda nyama, kesho tunazika mfupa."

"Na Msukuma akilinda, kesho mfupa wenyewe umehama na wewe."

Basi wakashindana hivyo mpaka jua likageuka, na mwisho mzee akasema sawa, ila kwanza alione zizi la pesa kwa macho yake. Flaviana akampakia kwenye pikipiki, goti lake lisilokunja limenyooka pembeni kama bomba la moshi, wakaenda hivyo mpaka Kibaha. Adrian akampokea kwa mikono miwili, akamfungulia sefu la chuma. Mzee akachungulia, akazunguka nyuma yake, akarudi mbele.

"Zizi lina mlango mmoja tu. Moto ukiwaka, ng'ombe watatokea wapi?"

Adrian akacheka. "Mzee, humu hazikai zote. Nyingi zinatoka kwenda malishoni, zinazaa, zinarudi."

"Aha. Na mchungaji ni nani?"

Adrian akaagiza soda.

Mzee Nathanael hakuinywa. Alimgeukia Flaviana. "Huyu mwenye tai simjui. Nakujua wewe. Zikipotea nitakudai wewe, na nikifa atakudai mwanangu Abednego."

Flaviana akampiga kofi la mkononi kama mnadani. "Nidai mimi, mtumwa wangu."

Neno dogo hilo, jamani. Neno la kucheka. Lakini mzee alipoweka, wote wakaweka. Badru mwenye duka akaweka, kina mama wa vikundi wakaweka, wachoma mkaa wakaja na noti nyeusi. Ukimuuliza mtu wa Mzenga pesa zako ziko wapi, hakuambii ziko benki. Anakuambia, "Ziko kwa Flaviana."

Na benki ikanenepa. Kontena likaondoka, likaja jengo la vioo ambalo ukipita mbele yake unaweza kunyoa ndevu. Kalenda za Kisima zikatundikwa kila nyumba kuanzia Mkuza mpaka Vikumburu. Adrian akanunua gari ambalo mlango wake ukifungwa hausikii kitu. Flaviana akaanza msingi wa vyumba viwili kule Pangani. Mimi mwenyewe nilikuwa nikienda pale benki, bila shida yoyote, kukaa tu kwenye ule ubaridi na kumwambia mlinzi kwamba yule pale ni mtoto wa dada yangu.

Sasa yale malisho. Adrian alikuwa na rafiki, na rafiki alikuwa na ndoto ya Kwala. Bandari kavu inajengwa, viwanda vinakuja, kila kiwanja kitakuwa dhahabu. Adrian akampa pesa za watu akanunue mapori. Rafiki akanunua. Kumbe lile pori lilikuwa limeshauzwa na mjomba, likauzwa na mpwa, likauzwa tena na jirani aliyekuwa akipita. Wenye pori wakajaa mahakamani kama harusi. Ardhi haiuziki, pesa hazirudi, na benki iko pale imekenua vioo vyake.

Flaviana hakuambiwa. Aliona tu. Kwanza ubaridi ulizimwa, ikasemwa mafundi wanakuja. Halafu chai ya wafanyakazi ikaacha kuja. Halafu mshahara ukachelewa, ukachelewa tena. Halafu Fadhila, binti wa dirishani anayehesabu noti, akaambiwa mtu akija kutoa nyingi ajibiwe mtandao uko chini, arudi kesho. Fadhila alilisema neno hilo mpaka likamwingia kwenye damu. Siku moja mama mkwe alimuuliza chakula tayari, akajibu mtandao uko chini.

Flaviana akaingia kwa Adrian bila kubisha hodi.

"Kaka, pesa za watu wangu ziko wapi?"

"Zipo. Ziko kwenye ardhi."

"Mimi sikuwaambia ardhi. Niliwaambia sefu."

"Flaviana, kaa."

"Sikai."

"Sikiliza basi. Nikipata mnunuzi wa Kwala, miezi michache hii, tumepona wote. Wakijua leo, watakuja wote siku moja, na siku hiyo hakuna benki duniani inayosimama. Ukinyamaza unawaokoa. Ukisema umewaua."

Akatoka hapo kichwa kinamzunguka, maana lile jambo lilikuwa la kweli na la uongo kwa pamoja, kama samaki mwenye miiba pande zote. Akisema, wote wanakosa. Asiposema na pori lisiuzike, wote wanakosa, tena aliyewaingiza ni yeye, na siku hiyo Mzenga haikanyagi tena, si kwa harusi, si kwa kaburi la mama yake.

Hapo ndipo alipoanza kunitisha. Nilikwenda kumtembelea Pangani nikamkuta anafua shuka lililofuliwa, analitoa juani anafua tena. Akanipikia chai isiyo na majani. Nilikunywa maji ya moto na sukari, nikasifu. Akiwasha pikipiki kwenda Mzenga, anafika Mlandizi kwenye njia panda, anasimama pale injini inanguruma, anageuza. Kesho hivyo. Keshokutwa hivyo. Wauza machungwa wa pale njia panda wakadhani ni askari wa usalama barabarani amevaa kiraia, wakaanza kumsalimia kwa heshima.

Yuko katika hali hiyo, simu ikalia. Ni Abednego, mtoto mkubwa wa Mzee Nathanael.

"Mtumwa wangu."

"Sema, mtumwa."

"Mwenye zizi ametutoka leo asubuhi. Njoo ufanye kazi yako."

Flaviana akalia kwanza, kilio chake mwenyewe, kisicho cha utani, maana yule mzee alimpenda. Halafu akaosha uso, akaenda.

Msiba ulijaa. Wasukuma walitoka mpaka Kwala na Chalinze, mchungaji kaja na kwaya, Wazaramo wote wa Mzenga wapo. Jeneza linatolewa nyumbani, ghafla kwenye njia ya kaburini kasimama Mzee Nathanael! Kofia ya kahawia, fimbo, goti halikunji. Anakohoa mara mbili kama alivyokuwa akikohoa, anatema pembeni.

"Mnanipeleka wapi na viatu vyangu mmeviacha ndani? Nani atavivaa? Abednego? Miguu yake kama majembe!"

Watu wakaangua. Mama Martina, mjane, alikuwa hajanyanyua uso tangu asubuhi. Akaunyanyua, akaona ile kofia inavyoyumba, akacheka huku analia, akajifuta na khanga. Pesa zikaanza kurushwa miguuni kwa Flaviana ili apishe njia. Hapishi. Akazikanyaga, akaziita mbegu za mchicha. Na kijana mmoja nyuma huko, mjinga wa watu, akapaza sauti:

"Mzee, umeshaaga benki?"

Flaviana hakufikiri. Mtani akirushiwa neno halidondoshi. Akajikongoja mpaka kwenye mti wa uzio, akaufanya dirisha la benki, akagonga kwa fimbo.

"Nipe pesa zangu, nasafiri!"

Akaruka upande wa pili, akawa Fadhila, nyonga moja juu. "Mzee, mtandao uko chini."

Akaruka upande huu. "Uko chini? Basi vizuri, na mimi ndiko ninakokwenda! Nikifika nitausukuma huko huko!"

Haki ya Mungu, mchungaji mwenyewe alicheka akajificha kwenye Biblia. Watu wameshikana mabega. Na kicheko kile, mnajua, ni kama mteremko kwa mtu wa baiskeli. Flaviana akaruka tena.

"Basi nipe hata nusu!"

"Nusu ipi, mzee? Hata sisi mshahara hatujauona. Bosi amezipanda pesa zenu Kwala, bado hazijaota!"

Wakacheka. Wakacheka sana. Halafu kicheko kikaanza kupungua upande mmoja, kikapungua upande wa pili, kama mvua inavyoyaacha mabati. Mtu akamtazama jirani yake. Chini ya ukingo wa kofia Flaviana akayaona macho ya Badru mwenye duka, yamemkazia, hayacheki.

Angefanyaje? Neno la utani halirudishwi, ukilirudisha umekiri. Akaokota pesa zake, akavua kofia, akaiweka juu ya jeneza taratibu, akapisha njia. Mzee akaenda kuzikwa.

Mpaka leo nikimuuliza kama aliteleza au alikusudia, ananiambia, "Mjomba, sijui." Na mimi ninayejua kila kitu, hilo silijui.

Baada ya mazishi wakaketi kula. Badru akamsogelea, sahani ya ubwabwa mkononi.

"Flaviana. Ule ulikuwa utani?"

"Ulikuwa utani."

"Utani mtupu, au utani wenye kitu ndani?"

Flaviana akautazama ubwabwa. "Kula, Badru. Utapoa."

Badru hakula. Alinawa mikono ambayo haijagusa chakula, akaaga. Muda si muda nusu ya wanaume wa Mzenga walikuwa wamepatwa na tumbo, kila mmoja ana haraka ya kwenda kwake.

Kesho yake jua halijachangamka, Mzenga nzima iko mbele ya vioo vya benki. Wamekuja kwa malori ya mkaa, kwa pikipiki, wengine kwa treni. Wa kwanza kabisa mlangoni alikuwa mtu mmoja mtanashati, mjomba wa mfanyakazi, ambaye alikuwa anapita tu.

Fadhila akafungua dirisha. Alipoziona sura zile akasahau hata mtandao, akaanza kulipa. Mmoja akalipwa, wa pili akalipwa, kina mama wa vikundi wakalipwa, Badru akalipwa, akazihesabu, akazibusu. Flaviana kasimama kando ya dirisha, anahama mguu huu kwenda huu, na kila mtu wa Mzenga anayepita anamgusa bega. Mlango wa ndani ukafunguliwa. Adrian, na tai imekwenda upande.

"Umesema nini huko msibani?"

"Nilikuwa natania."

"Benki haitaniwi, Flaviana!"

"Ungeniambia mapema, kaka. Sisi tunatania hata kifo."

Kufika saa sita mji wa Kibaha ulikuwa umeiona foleni. Na foleni ya watu wenye fimbo mbele ya benki haihitaji mpiga mbiu. Walimu wakaacha chaki, mafundi gereji wakaja na spana mkononi, mama wa genge akaja na fungu la mchicha kwapani. Foleni ikazunguka jengo, ikavuka barabara, mkia wake ukafika Morogoro. Adrian akapanda ngazini akasema pesa zipo, zipo za kutosha, na jinsi alivyosema zipo ndivyo watu walivyojua hazipo.

Katikati ya vurugu hiyo akafika Abednego. Alikuwa amechelewa kwa sababu mfiwa hatoki nyumbani hovyo. Watu wa Mzenga wakampisha mpaka mbele, maana bila msiba wa baba yake wangekuwa bado wamelala. Akaweka kadi ya baba yake dirishani.

Fadhila akaitazama, akamtazama Flaviana, machozi yakamlenga. "Kaka yangu, hii siwezi. Mwenye akaunti akifariki inafungwa. Mpaka mahakama imteue msimamizi wa mirathi."

Hebu lioneni hilo. Watu wa Mzenga wote wametokea kwenye ule mlango mmoja, ng'ombe wa mwenye zizi ndio wamebaki ndani, na aliyewafungia ni yeye mwenyewe kwa kufa. Ardhi yenye hati, usiku wote ule wa kuhama, miaka ya kuuza ndama, vyote viko nyuma ya kile kioo.

Abednego akaichukua kadi, akaifuta vumbi kwenye shati. "Baba alisema nimdai nani?"

"Mimi," Flaviana akajibu.

"Haya."

Akageuka akaenda zake. Hakumwita mtumwa. Hakutukana. Hakuna kinachouma kama mtani asiyekutania. Hata adui angekupa tusi moja la njiani.

Pesa zikaisha siku hiyo hiyo. Siku ya pili mlango haukufunguliwa, na kabla wiki haijakwisha watu wa serikali wakaja na kufuli lao na tangazo lenye mhuri. Adrian akaitwa kujibu maswali. Anayajibu mpaka leo. Pikipiki ya bluu ikachukuliwa, msingi wa vyumba viwili ukaota majani.

Kibaha wakamchukia. Akipita sokoni anasikia nyuma yake, "Yule ndiye aliyeua benki." Mama wa genge hakumuuzia nyanya. Ikabidi awaeleze mmoja mmoja, mdomo unamkauka, kwamba kuna bima ya amana, waandike majina, watalipwa kiasi, na kilichozidi wangoje mali za benki ziuzwe. Mzenga wakampenda, wanampigia simu, Badru kamtumia unga. Lakini Mzenga haendi. Watu mia wanamshukuru, mmoja amenyamaza, na sauti anayoisikia ni ya yule aliyenyamaza. Alimwandikia Abednego ujumbe kuhusu mahakama, hakujibiwa. Akarudi kufua mashuka.

Ikafika siku ya kumaliza matanga ya Mzee Nathanael. Hakualikwa.

"Mtani haalikwi," nikamwambia. "Mtani anakuja kama nzi. Vaa twende."

"Akinifukuza, mjomba?"

"Akikufukuza utakuwa umefukuzwa. Sasa hivi unajifukuza mwenyewe, tena bure."

Akavaa ile fulana ya Benki ya Kisima, ya mwisho aliyobaki nayo. Nikamuuliza kwa nini hiyo. Akasema asije Abednego akadai amejificha.

Tulipofika, Abednego alikuwa anarekebisha mlango wa zizi. Watu wengi, vyungu vimoto, lakini alipoingia Flaviana kila mtu akakumbuka kuangalia vyungu.

"Habari za hapa, mtani," Flaviana akasema.

Abednego akamtazama. Akaitazama fulana. Akaingia ndani, na Flaviana akabaki amesimama kwenye samadi, mikono hajui aiweke wapi. Abednego akatoka na kamba ya kufungia ng'ombe. Akamshika mkono, akamfunga kwenye nguzo ya zizi, fundo la kweli, si la mchezo. Hapo hata mimi nilisogea nyuma kidogo, si kwa woga, ni kutafuta pa kuonea vizuri.

"Jamani," Abednego akasema, "huyu ndiye mwizi wa ng'ombe wa baba yangu. Zizi lilikuwa na mlango mmoja. Moto ukawaka. Yeye akapiga kelele, wa kwenu wote wakatoka. Wa mwenye zizi wakabaki. Nimhukumuje?"

Flaviana anautazama uso wake, hajui kama ni utani au ndiyo mwisho wake Mzenga. Akasema polepole, "Nilisema nidai mimi. Nidai."

Mama Martina akaja kutoka jikoni, kofia ya kahawia mkononi. Kumbe walipofika kaburini aliitoa juu ya jeneza. Akasogea mpaka nguzoni, akamvika Flaviana kichwani, akaibonyeza mpaka kwenye nyusi, akarudi jikoni.

Na Abednego midomo ikaanza kumcheza.

"Faini," akasema. "Utakwenda na mimi mahakamani kila nitakapoitwa. Utabeba makaratasi. Utaninunulia chai na vitumbua. Mpaka shilingi ya mwisho ya baba itoke, wewe ni mtumwa wangu halali."

"Na isipotoka yote?"

"Utazeekea hapa zizini. Na ukifa, nitakuja msibani kwako nimevaa gauni lako, niwaambie watu mtandao uko chini."

Kicheko kilichotoka pale kiliwaamsha popo mchana. Flaviana akacheka mpaka akaning'inia kwenye kamba, machozi yanachuruzika chini ya kofia, na hakuna aliyemwambia anyamaze.

Faini ameilipa. Kwenda mahakamani Kisarawe, kurudi, kusubiri, vitumbua. Abednego aliteuliwa msimamizi, ile bima ikatoa kiasi chake, kilichobaki bado kinangojwa. Amenunua kipande cha ardhi. Si chote alichokitaka mzee, lakini kina hati, na mlango wa zizi jipya si mmoja, ni miwili. Siku ya kuhamia, mbele ya Mzenga nzima, akamfunga Flaviana tena ile kamba, akaifungua nusu, akasema nusu nyingine inangoja shilingi zilizobaki. Halafu akamwambia asubiri, asiondoke mikono mitupu. Akaingia zizini, na mimi nilikuwepo, niliona kwa macho haya mawili, akatoka anaswaga ng'ombe saba, weupe pe, kila mmoja ana kengele shingoni, wa mbele amevikwa kitambaa chekundu kwenye pembe, na Abednego akapiga goti, akasema, chukua hawa, mtani, na yule ndama wao wa…

"Ng'ombe gani, mjomba? Alikuwa jogoo. Jogoo mmoja, chongo, na wewe ndiye uliyemla."